Nafasi ya Taryn

Funguo za ukumbi wa michezo wa Sekondari ya Orrin anazo Wendell Tiedeman. Ameajiriwa kufagia, lakini watoto wa shule humwita Bwana T, na msichana yeyote anayetaka kurusha mpira wa kikapu kabla ya masomo anajua kwamba akigonga mlango wa nyuma alfajiri atafunguliwa, hata kama theluji imefika magotini. Aliyegonga zaidi ya wote miaka hii ya karibuni ni Taryn Vosburg, binti wa jirani anayekaa ng'ambo ya barabara. Wendell mwenyewe ni mtu mrefu, mkimya, mgongo umepinda kidogo kwa kupiga deki, na hana makuu. Kitu kimoja tu kiliwahi kumvimbisha kichwa, nacho ni binti yake Maren.

Mama yake Maren aliondoka mtoto akiwa darasa la pili, akaenda kuolewa na mwanamume mwingine huko Omaha. Wendell akabaki na mtoto pamoja na banda la trekta ambalo halikuwa na trekta. Akapigilia kikapu kwenye boriti, akamwaga saruji sakafuni, na jioni zote za utoto wa Maren zikaishia mle ndani, binti akirusha mpira, baba akiokota. Sisi tuliokuwa tukipita barabarani tulisikia ule mdundo mpaka tukauzoea. Maren alipochukuliwa na Chuo Kikuu cha Tarkett kwa ufadhili kamili, masomo bure, chakula bure, malazi bure, kanisa zima lilipiga makofi katikati ya ibada, na Walutheri wa Iowa hawapigi makofi ovyo.

Kwa misimu mitatu nusu ya Orrin ilikuwa ikifunga safari kwenda Tarkett kila timu ilipocheza nyumbani. Tatizo ni kwamba kila masika kocha wa pale, Kocha Farris, alikuwa akileta wachezaji kutoka vyuo vingine. Hapa niseme wazi, maana jambo hili linaniudhi. Zamani kocha wa chuo alikuwa akizunguka kwenye miji midogo kama wetu, anakaa mezani kwa watu, anakula mkate wenye nyama ya kusaga, anamwomba mzazi binti yake wa sekondari, halafu anamlea miaka minne. Siku hizi mchezaji yeyote wa chuo anaweza kuliingiza jina lake kwenye soko la uhamisho msimu ukiisha, na makocha wamepiga kambi hapo sokoni. Ya nini kumlea mtoto wa miaka kumi na minane, wakati unaweza kumpata mwanamke mzima aliyekwisha kuiva, ambaye machozi yake ya mwaka wa kwanza aliyamwaga kwenye chuo cha mtu mwingine? Kwa hiyo Maren, aliyekuwa akianza mechi mwaka wake wa kwanza, mwaka wa pili akawa anaingizwa mambo yakishakuwa mepesi, na mwaka wa tatu akawa anasugua benchi huku akiwatazama wageni wawili wakicheza mahali pake.

Maren hakulalamika. Alikuwa akisomea ualimu wa hisabati, alikuwa na rafiki zake, na timu ile aliipenda hata akiwa amekaa. Aliyekuwa akilalamika ni baba yake, na alilalamika zaidi kwenye meza ya kahawa ya kituo cha mafuta, mahali ambapo wanaume wa Orrin hukutana asubuhi kuitengeneza dunia.

"Wewe Wendell umekaa kama gogo," Dwight Pruitt alimwambia siku moja. Dwight ndiye aliyekuwa akimfundisha Maren kwenye timu ya likizo alipokuwa mdogo, na tangu hapo hujiona mtaalamu wa kila kitu chenye mpira ndani yake. "Mtoto anaonewa, wewe unapiga makofi."

"Sasa nifanye nini?"

"Aweke jina sokoni. Si ili ahame, bwana! Ili amtie kocha tumbo joto. Akiliona tu jina, kabla jua halijazama anakupigia: 'Mzee Tiedeman, hebu tuzungumze.' Ndivyo mchezo unavyochezwa."

"Na asipopiga?"

"Asipopiga niite mbwa."

Wanaume wakacheka, mmoja akasema mbwa wenyewe watakataa. Wendell hakucheka. Aliondoka na lile wazo limemkaa kifuani. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba siku jina linapoingia sokoni, chuo kinakuwa hakimdai wala hakidaiwi na mchezaji, na ufadhili wake wa mwakani wanaweza kumpa mwingine siku hiyohiyo. Dwight alilijua hilo nusunusu. Maren alilijua lote.

Alikuja nyumbani kwa Pasaka. Wendell alikuwa ameoka paja la nguruwe, na hata halijakatwa akaanza.

"Baba, Jumatatu nina kikao," Maren alisema. "Msimu ukiisha kila mmoja anaitwa peke yake, kocha anamwambia mwakani amempangia nini. Ngoja nimsikie kwanza."

"Ukimsikia kwanza atakuwa ameshakukalia. Lazima aogope kabla hujakivuta kiti."

"Kocha Farris hamwogopi mtu."

"Ataogopa kukupoteza."

"Na nikipoteza ufadhili mimi?"

"Akunyang'anye nani? Umewatumikia miaka mitatu!" Wendell aliweka kisu chini. "Mwanangu, mimi nimepiga deki maisha yangu yote kwa sababu sikuwahi kugonga meza ya mtu hata siku moja. Usiwe kama mimi."

Hapo ndipo alipompata. Maren angeweza kubishana na Dwight Pruitt mpaka kesho, lakini baba yake aliyejisema vibaya mbele ya chakula alichokipika kwa mikono yake, angembishiaje? Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, alituma ombi kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia mambo hayo. Kwa sheria zao ombi kama hilo halikataliwi. Jina likaingia.

Kocha alipiga simu kabla jua halijazama, kama Dwight alivyosema, ila alimpigia Maren, na Maren akampigia baba yake.

"Unaona? Amesemaje?" Wendell aliuliza, sauti imejaa furaha.

"Amenishukuru. Amenitakia kila la heri. Kikao changu kimefutwa."

"Kimefutwa vipi?"

"Ameniomba nitoe vitu vyangu kwenye kabati kabla ya Ijumaa, Baba. Kuna msichana anakuja kuangalia mazingira."

Wendell aliwasha gari akaenda Tarkett. Kocha hakukubali kumwona. Alikutana na msaidizi wake kwenye maegesho, mwanamke kijana mwenye haya, ambaye alimwambia mambo ambayo pengine hakupaswa kuyasema: kwamba Maren alikuwa kwenye mpango wa mwakani, kwamba hakuna aliyetaka kumwondoa, kwamba walipoliona jina lake walidhani ameshapata pa kwenda. "Watu hawaingii hivihivi, Bwana Tiedeman," alisema. Wendell aliendesha gari mpaka Orrin bila kuwasha redio.

Baada ya hapo ni ukimya. Majina sokoni yalikuwa mengi mno, na jina la mchezaji aliyemaliza msimu benchini halimsimamishi kocha anayepita. Dwight Pruitt alianza kunywa kahawa yake nyumbani. Hakuna aliyemwita mbwa, ingawa aliomba mwenyewe. Maren aliendelea na masomo yake ya muhula ule, na kila alipozungumza na baba yake alimwambia asijilaumu, na kila alipoambiwa hivyo Wendell alizidi kujilaumu.

Wakati huohuo nyumba ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na sherehe mlangoni. Taryn alikuwa anamaliza sekondari. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa, mwezi mzima huweza kupita hajafika nyumbani; mama yake, Jolene, ni mpishi wa shule, na yeye na Wendell wamefanya kazi chini ya paa moja tangu watoto wao wakiwa wadogo. Msichana alikuwa na mkono mzuri kuliko hata wa Maren, lakini kwa sababu ya lile soko vyuo vilimpita kimoja baada ya kingine. Kimoja tu kilisimama: Mount Selby, chuo kidogo upande wa Missouri. Kocha wake, Kocha Lindqvist, alikuja akakaa jikoni kwa Jolene, akala, akatoa neno lake. Karatasi za ufadhili, alisema, zitatumwa asubuhi ya siku ya kusaini.

Siku ya kusaini huku kwetu si mchezo. Meza inawekwa katikati ya ukumbi, inatandikwa kitambaa cha rangi ya chuo, mtoto anavaa kofia ya chuo, mama anaoka keki, shule nzima inatolewa madarasani kuja kushangilia. Jolene aliipanga Jumatano.

Jumatatu ya wiki hiyo, watoto walipokuwa wametoka shule, Wendell alikuwa akisugua ngazi za kukalia za ukumbi simu ya Maren ilipoingia.

"Baba, Mount Selby wamenipigia."

Wendell aligeuza ndoo akaikalia. "Ufadhili?"

"Kamili. Mpaka nimalize shahada. Wana nafasi moja tu. Ni ya Taryn."

"Nani amesema ni ya Taryn?"

"Kocha mwenyewe. Amesema, 'Kuna mtoto wa huko kwenu nilimwahidi, lakini bado mdogo, atapata kwingine.' Atapata wapi, Baba? Vyuo vyote vimejaa."

"Umemjibu nini?"

"Nimeomba anipe mpaka kesho. Sasa nisikilize. Nenda kwa Jolene, mweleze kila kitu, Taryn naye awepo. Wakisema nichukue, nachukua. Wakisema hapana, namwambia kocha hapana na yanaishia hapo. Simu naona aibu kupiga mimi. Utanifanyia hilo?"

"Nitafanya."

"Baba, kweli?"

"Nimesema nitafanya, mwanangu."

Akavuka barabara. Naamini mpaka anagonga mlango alikuwa na nia ya kusema. Jolene alimfungulia kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka kwenye vifundo.

"Wendell, umekuja wakati wake! Onja hii sukari ya keki, uniambie. Ni kijani cha Mount Selby au nimetengeneza kijani cha chura?"

"Mama, rangi haionjwi," Taryn alisema kutoka mezani. Alikuwa amevaa ile kofia ndani ya nyumba, na mbele yake kulikuwa na kalamu mpya ambayo bado imo kwenye kisanduku chake. "Bwana T, mwambie aache. Tangu mchana anachanganya tu."

"Nyamaza wewe. Siku ya Maren keki ilikuwa ya bluu, mimi ndiye niliyeoka, na haikuwa na kasoro." Jolene alifuta paji la uso kwa mkono wa juu. "Kaa basi. Mbona umesimama kama mkusanya madeni? Baba yake Taryn ameomba ruhusa, anakuja na lori lenyewe. Nilimwambia, huyu mtoto amelelewa na watu wawili, mimi na Wendell. Angefunguliwa na nani alfajiri zile zote?"

Wendell alionja. Alisema ni tamu. Akasema rangi ni nzuri, ndiyo yenyewe, na kwamba alikuwa amekuja tu kuuliza habari ya meza. Jolene akamwambia anataka ile ndefu. Akaaga, akatoka.

Alisimama uani kwake, simu mkononi. Si mtu mbaya, na sisi tunaomjua tumelirudia neno hilo mara nyingi tangu siku ile, bila kujua linatusaidia nini. Yeye ndiye aliyeivunja njia ya mtoto wake, na sasa imetokea nyingine, nayo inahitaji jambo moja tu, kwamba yeye afungue mdomo. Akaufungua.

"Wamesema sawa," alimwambia Maren.

"Wote? Taryn amesema nini?"

"Amesema uchukue. Amesema yeye bado mdogo, atapata kwingine."

Maren aliangua kilio. Wendell hakuwa amemsikia akilia hata alipopoteza nafasi yake Tarkett. "Na Jolene?"

"Jolene amekupa baraka zake."

"Nataka nimpigie Taryn sasa hivi."

"Usimpigie. Mwache kwanza apumue, mtoto wa watu. Mpigie mwisho wa wiki."

Maren akakubali, kwa sababu hakuwahi kudanganywa na baba yake maishani. Wendell naye akajiambia kwamba Kocha Lindqvist ni mtu mzima, kesho atampigia Taryn amweleze, na habari itafika kwa mdomo unaostahili kuifikisha. Jumanne nzima alifanya kazi masikio yamesimama. Mchana Jolene alimpakulia sahani huku akiimba chinichini. Simu haikupigwa. Watu wa namna ile huwa hawapigi, husubiri wapigiwe.

Jumatano asubuhi Wendell aliitoa ile meza ndefu akaiweka katikati ya uwanja. Jolene alifika na keki, akatandika kitambaa, wakapanga viti pamoja. Baba yake Taryn aliegesha lori nje, likaziba lango la walimu, na mkuu wa shule akasema leo hakuna neno. Wanafunzi wakajaa ngazi zote. Taryn aliketi mezani amevaa gauni, jambo ambalo lilizua miluzi, na kila aliyemfanyia utani alijibiwa.

Karatasi zilikuwa zitumwe ofisini. Mkuu wa shule alihutubia, akamaliza, akatazama mlangoni, akahutubia tena. Karani alirudi mikono mitupu. Akaenda, akarudi vilevile. Mwisho mkuu akainama akamnong'oneza Taryn kwamba labda ampigie kocha, pengine mtandao una matatizo.

Taryn alipiga simu akiwa amesimama chini ya kikapu, ametugeuzia mgongo. Ukumbi ulitulia wenyewe. Tulimsikia akisema, "Ndiyo, Kocha." Kisha, "Ndiyo. Naelewa." Kisha akasema, "Asante, Kocha," na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba yule mtoto alishukuru. Alipogeuka alimtafuta mama yake.

"Wamempa Maren," alisema.

Watu wote wakageuza nyuso kule nyuma, ukutani, alikokuwa amesimama Wendell. Mkuu wa shule alianza kuwaondoa wanafunzi. Jolene alitembea uwanja mzima kumfuata, wala hakuharakisha.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Nilipokuja."

"Ulipokuja jikoni kwangu."

"Jolene, nilikuwa nataka..."

"Na asubuhi hii ukaniuliza nataka viti vingapi."

Mume wa Jolene aliibeba keki bado nzima, akaipeleka kwenye lori. Taryn alivua kofia akaiacha juu ya kitambaa, akaenda darasani kama siku nyingine, maana alikuwa na mtihani wa kemia.

Mchana alimtumia Maren ujumbe. Hakumtukana. Alimwandikia hongera, na kwamba angependa kama Maren angemwambia mwenyewe. Maren aliusoma akiwa maktaba, akatoka nje akampigia Kocha Lindqvist, akamwambia haji tena, nafasi arudishiwe Taryn. Kocha akamjibu kwamba nafasi ile si mali yake aigawe, na kwamba ana majina mengine yanayosubiri. Kabla ya wiki kwisha tulisikia imechukuliwa na msichana wa Arkansas ambaye hiki kingekuwa chuo chake cha nne. Hakuna mtu wa Orrin aliyewahi kumwona, na sidhani kama ana kosa lolote.

Halafu Maren akampigia baba yake.

"Sikukuomba unitafutie nafasi," alisema. "Nilikuomba uniulizie."

"Nilikuwa nimekuharibia, mwanangu. Nilitaka nitengeneze."

"Ulimwekea Taryn maneno mdomoni. Mimi nikamlilia kwa furaha, nikamwombea usiku. Na yeye alikuwa nyumbani anachagua gauni."

"Maren."

"Ungeniambia tu kwamba umeshindwa kusema. Ningevuka ile barabara mwenyewe."

Sasa Maren na Taryn wote wawili wako kwenye kiwanda cha mayai kule barabara kuu, wanafanya zamu moja. Maren anasoma somo mojamoja jioni, atamaliza akijaliwa. Taryn anasema atajaribu tena mwakani, ila siku hizi haonekani akishika mpira. Wanakwenda kazini kwa gari la Maren. Jolene bado anapika shuleni, na Wendell akifika dirishani anapakuliwa na mtu mwingine. Alfajiri bado anafungua ukumbi. Kuna majuma hakuna anayegonga.

Maren anakaa chumba cha kupanga juu ya duka la dawa. Sikukuu ya Shukrani, siku ya Novemba ambayo huku kwetu familia hula pamoja, alikuja kula kwa baba yake, kwa sababu hana roho ya kumwacha mtu peke yake siku kama ile. Alikuja na mkate, akaning'iniza koti, akakaa mahali pake pa siku zote. Walikula vizuri. Walizungumza habari za barafu barabarani na za paa la banda. Wendell alianza kufikiri kwamba pengine yamepita.

"Wendell," binti yake akasema kwa adabu, kama anavyosema na majirani, "naomba viazi."

Akampa viazi. Hajamwita baba tena mpaka leo.